Kuboresha umwagiliaji wa bustani za umma ni kufanya nini hasa?

Ukisikia bustani ya umma inaboreshewa mfumo wa umwagiliaji, wengi wanawaza kidude cha kisasa chenye skrini, kimeunganishwa na intaneti, kinajua mvua inakuja kinajizima chenyewe. Kidude kipo kweli. Ila ukikifunga juu ya mabomba yaleyale ya zamani na springla (vichwa vya kurushia maji) zilezile zilizopinda, unachopata ni taima ya bei kubwa inayomwaga maji vibaya kwa ratiba nzuri.

Dhana yenyewe ina mambo mawili tu: kiasi na usawa. Kiasi maana yake nyasi na miti irudishiwe maji yaliyopotea, sio zaidi. Usawa maana yake hayo maji yaenee sehemu yote, sio huku bwawa kule vumbi.

Kiasi kwanza. Udongo unapoteza maji kwa mvuke na majani nayo yanatoa maji yake hewani, na upotevu huo unaweza kukadiriwa kwa kuangalia jua, joto, upepo na unyevu wa hewa. Mwingereza Howard Penman alitoa fomula yake mwaka 1948, alafu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1998 wakatoa mwongozo ambao mpaka leo ndo unatumika sana kupigia hizi hesabu. Jibu linatoka kwa milimita, na milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo hekta 1 ni lita 10,000 kwa kila milimita. Sasa chukua siku ambayo hesabu inatoa milimita 5. Nyasi za maeneo ya joto zinahitaji kama asilimia 60 ya hapo, yaani milimita 3. Springla fupi za kawaida, zile zinazotawanya maji kama feni bila kuzunguka, zinaweza kumwaga milimita 40 kwa saa, kwa hiyo dakika 15 tu tayari ni milimita 10. Nyasi imetumia 3, nyingine 7 zinashuka chini ya mizizi au zinatiririka kwenye njia ya watembea kwa miguu, na kesho yake taima inawasha tena dakika 15 kwa sababu ndivyo ilivyosetiwa wakati wa kiangazi na hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Usawa ndo kichwa cha habari hasa, na kwa maoni yangu ndo hela ingeanzia hapo. Kuupima ni rahisi: panga makopo madogo yanayofanana kwenye nyasi, washa dakika 10, alafu pima maji ya kila kopo. Chukua wastani wa ile robo ya makopo yenye maji machache zaidi, gawanya kwa wastani wa makopo yote. Kama wastani wa yote ni milimita 6 na wa hiyo robo ni 3, usawa wako ni asilimia 50. Mtunza bustani yeye haoni asilimia, anaona nyasi ya njano pale kona, anaongeza muda mpaka kona iwe kijani, na ili kona ipate 6 eneo zima linamwagiwa wastani wa 12. Hapo hakuna bomba lililopasuka wala mtu mzembe, na maji yanayotumika ni mara mbili.

Usawa unaharibiwa na nini? Mara nyingi presha. Hizo springla fupi zinafanya kazi vizuri kwenye presha ya baa 2 hivi, ikipanda sana maji hayatoki matone bali ukungu, upepo unaondoka nao. Dawa yake ni springla zenye kidhibiti presha ndani, pamoja na nozeli (midomo ya kutolea maji) zinazozunguka ambazo zinamwaga taratibu zaidi, udongo wa mfinyanzi unapata muda wa kunywa. Alafu kwenye mteremko, kila ukizima maji yaliyobaki bombani yanashuka yote na kutokea kwenye springla ya chini kabisa, ndo maana unakuta kasehemu ka tope kasikokauka hata wiki nzima ya jua. Valvu ndogo ya kuzuia, inakaa ndani ya springla yenyewe, inamaliza hilo.

Kitu kingine ni mita ya maji kwenye bomba kuu pamoja na valvu inayoweza kufunga kila kitu. Bustani nyingi zinamwagiliwa usiku, na ni sahihi, upepo umetulia na mvuke ni mdogo. Lakini springla ikivunjwa na mashine ya kukata nyasi, saa tisa usiku inarusha maji juu na hakuna mtu wa kuiona, asubuhi pameshakauka juu, mchezo unaendelea hadi bili ije. Mita inajua eneo lile huwa linakunywa kiasi gani, ikiona kimezidi inafunga na kutuma taarifa. Sensa ya mvua nayo ni ya bei ndogo na haina sababu ya kukosekana, jimbo la Florida kule Marekani sheria ilianza kuitaka kwenye mifumo mipya ya kujiendesha Mei 1991.

Vitanda vya maua na vichaka huwa vinahamishiwa kwenye umwagiliaji wa matone, yaani mipira yenye vitundu inayopita juu ya udongo au chini kidogo, na vinatengwa na nyasi ili kila kundi liwe na valvu yake maana mahitaji hayafanani. Hapa kuna mtego mmoja ambao michoro mingi inausahau: miti mikubwa. Mti uliokulia katikati ya nyasi umezoea kunywa maji ya springla, mizizi yake imeenda mbali kupita kivuli chake, ukiondoa springla na kuuzungushia mpira wa matone karibu na shina unakuwa umemwagilia pale ambapo mizizi midogo inayofyonza maji ni michache. Kwa hiyo matone yanawekwa kuanzia ukingo wa matawi kwenda nje, na maji ya zamani yanapunguzwa kidogokidogo kwa misimu kadhaa, sio kukatwa siku moja.