Jinsi, jinsia na "chaguo jumuishi" kwenye gemu

Ukipita vibanda vya gemu vya Ngamiani, Tanga, utasikia mtu kashika pedi ya kuchezea, kaona timu ya wanawake, anasema gemu hiyo ina "chaguo jumuishi la jinsia". Sivyo. FIFA 16, gemu ya soka ya mwaka 2015, ilileta timu 12 za taifa za wanawake, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila jina lake ni uwakilishi: waliokuwa hawamo sasa wamo. Chaguo jumuishi ni pale unapounda mhusika wako, na mwili, sauti, mavazi na namna ya kutajwa havijafungwa furushi moja la "mwanamume" au "mwanamke". Kila kimoja unakichagua peke yake. Maana ni hiyo tu.

Kinachokoroga mambo ni neno lenyewe. "Jinsi" ni jins ya Kiarabu, yaani aina, na Waarabu nao waliipata kwa Wagiriki, genos. Ndiyo maana tunasema "jinsi ya kupika wali" bila kuwaza mume wala mke. "Jinsia" ni tawi la shina hilohilo. Kwa Waarabu wa leo jinsiyya ni uraia. Kwetu maneno haya yamegawana kazi: jinsi ni maumbile, ME au KE, jinsia ni yale ambayo jamii humvika mtu kwa sababu ya maumbile hayo, kama nguo, kazi na namna ya kuitwa. Kitufe kinachobadilisha upana wa mabega tu kikiandikwa "Jinsia", kimeandikwa vibaya. Kiandikwe "Umbo la mwili".

The Sims 4, gemu ya kuigiza maisha ya kila siku, ilifungua furushi hilo mwaka 2016: umbo la kiume au la kike, mtindo wa mavazi, na uwezo wa kubeba mimba, kila kimoja na kitufe chake. Gemu ya Cyberpunk 2077, iliyotoka mwaka 2020, ilitenga mwili na sauti, lakini kutajwa kukabaki kumefungwa kwenye sauti. Ukichagua sauti ya kiume, Kiingereza kinakutaja kiume.

Kiswahili hakina fundo hilo. "Amefika", "mwambie", "upanga wake": hakuna kinachosema huyu ni mume au mke. Mfasiri anayelazimisha viwakilishi vya Kiingereza, he (wa kiume), she (wa kike) na they (asiyetaka he wala she), hupata "yeye", "yeye" na "wao", kisha mchezaji aliyechagua la tatu anaandikiwa "wamefika" ilhali yuko peke yake, anageuka kutafuta wenzake. Jinsia ya Kiswahili inakaa kwingine: kaka, dada, mjomba, shangazi, bwana, bibi. Tena wakati mwingine inamtazama msemaji. Mke wa kaka yako, wewe mwanamke utamwita wifi. Mwanamume atamwita shemeji. Sentensi moja inayomtaja mke huyo inahitaji kuandikwa mara mbili, na gemu isome mhusika wa mchezaji ndipo iamue.

Basi ndugu mfasiri, ukifika kwenye menyu ya viwakilishi, usihangaike na "wao". Badili swali liwe "Uitweje?", kisha weka kaka, dada, na ndugu. Hilo la mwisho linambeba yeyote, na muuza duka wa ndani ya gemu akisema "Karibu ndugu", hakuna atakayeona limebandikwa.