Usugu wa Tamiflu ulivyosambaa kwenye nchi ambazo zilikuwa haziitumii sana

Nikiongelea usugu wa dawa, karibu kila mtu ananijibu hivyohivyo, kwamba watu hawamalizi dozi, wananunua dawa famasi bila cheti, basi vijidudu vinazoea. Kwa antibayotiki ni kweli kabisa na tuendelee kulisema. Ila kwa dawa za mafua makali, yaani influenza yenyewe, mambo yalienda tofauti na mimi kama mtu wa maabara ya virusi naumia kuona hii habari haisemwi sana.

Januari 2008 Norwei waliripoti virusi vya H1N1 vya msimu, aina mojawapo ya influenza, ambavyo havisikii oseltamiviri, ndio hiyo Tamiflu. Mpaka msimu unaisha karibu theluthi mbili ya vile walivyopima vilikuwa sugu, na Norwei hiyo dawa ilikuwa haitumiki sana! Japani ndio walikuwa wanaongoza duniani kwa kuimeza, lakini msimu uleule usugu kwao ulikuwa chini ya asilimia 5. Miezi michache baadaye baridi ikaingia Afrika Kusini, wakapima H1N1 zao, usugu mtupu, na kule nako Tamiflu ilikuwa adimu. 2008 kwenda 2009 ikawa zamu ya Marekani, karibu zote sugu.

Kilichotokea ni hivi. Kirusi kikishazaliana ndani ya seli kinahitaji kimeng'enya kinaitwa nyuraminidesi kiwaachanishe watoto wake na hiyo seli waondoke, na oseltamiviri inaingia kwenye kishimo cha hicho kimeng'enya na kukiziba. Usugu huu unaitwa H275Y, amino asidi moja tu, yaani tofali moja la kimeng'enya hicho, inabadilika, inakuja nyingine yenye umbo kubwa zaidi. Ni kama daladala akikaa mtu mwenye mwili mkubwa, wa pembeni anasukumwa na yule wa tatu hana pa kuweka miguu, basi na dawa inakosa pa kukaa hivyohivyo.

Zamani tulikuwa hatuna wasiwasi nayo sana kwa sababu virusi vyenye H275Y kwenye maabara vilikuwa dhaifu, haviambukizi vizuri. Mwaka 2010 watafiti Jesse Bloom, Lizhi Ian Gong na David Baltimore wakaonyesha kwamba kirusi kilikuwa kimeshapata mabadiliko mengine madogo yaliyoziba ule udhaifu, kwa hiyo H275Y ilipotokea ikakuta njia nyeupe, ikasambaa hata pale ambapo hakuna dawa ya kuipa nafasi kwa kuua virusi vingine. Hapo ndipo ninaposema kubana matumizi peke yake hakutoshi, lazima maabara ziwe zinapima virusi kila msimu, na sampuli za Nairobi na Dar es Salaam zina uzito uleule na za Oslo.

Dawa za zamani zaidi, amantadini na mwenzake, ndio zimeshakwisha nguvu, Januari 2006 Marekani walishauri madaktari waache kuzitumia kwa influenza na mpaka leo virusi vya aina A vinavyozunguka karibu vyote ni sugu kwake. Kwa Tamiflu tulipata bahati, ile H1N1 mpya ya 2009 ilipokuja iliifuta ya zamani kabisa, na yenyewe ilikuwa inasikia dawa.

Halafu ipo baloksaviri, Japani waliipitisha 2018, unameza mara moja tu imeisha. Inapiga sehemu nyingine kabisa ya kirusi, ila kwenye utafiti mmoja wa watoto wa Japani asilimia 23 hivi walitokea na virusi vilivyobadilika baada ya kuimeza, ndio maana naifuatilia kwa karibu sana.

Wanaonipa mawazo zaidi ni wagonjwa wenye kinga iliyoshuka, mfano waliopandikizwa uboho, maana kirusi kinaweza kukaa kwao wiki nyingi huku wako kwenye dawa na kinapata muda wa kubadilika. Akiwa hapati nafuu baada ya siku tano za oseltamiviri usimrudishie dozi ileile tu, omba kipimo cha usugu, kwa sababu ikiwa ni H275Y zanamiviri, dawa nyingine ya influenza ya kuvuta kwa mdomo, kwa kawaida bado inafanya kazi.