Athari ya puto: maana yake katika vita dhidi ya dawa za kulevya

Mkazi wa Mwanza anayajua magugumaji. Asubuhi yamejaa pale Mwaloni Kirumba, mitumbwi haipiti. Upepo ukigeuka, jioni maji ni meupe na wavuvi wanashukuru, kumbe yote yamekwenda kuziba mwalo wa jirani. Halijafa hata gugu moja.

Katika dawa za kulevya jambo hilo huitwa athari ya puto. Ukiminya puto upande mmoja, hewa haipungui, inavimba upande mwingine. Kilimo au njia ya kusafirisha ikibanwa nchi moja, na wanunuzi bado wapo, biashara huhamia penye upenyo.

Mfano wake mkubwa ni koka, mmea ambao majani yake hutengenezewa kokeini. Mwaka 1995 Peru ilikuwa na takriban hekta 115,000. Ndege za magendo zikaanza kudunguliwa, bei ya majani ikaporomoka, na kufikia 1999 mashamba yalikuwa chini ya hekta 40,000. Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini katika miaka hiyohiyo Kolombia ilipanda kutoka kama hekta 50,000 hadi 160,000.

Ndiyo maana sikubali juhudi za kimataifa zipimwe kwa takwimu za nchi moja, wala kwa kilo zilizokamatwa peke yake. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulijiwekea lengo la kufuta, au kupunguza sana, kilimo haramu cha koka, bangi na afyuni, ambayo ndiyo hutengenezewa heroini, ifikapo 2008. Mwaka huo ulipofika, ofisi yake inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikiri kwamba puto ni mojawapo ya madhara yasiyokusudiwa ya udhibiti wenyewe.

Tahadhari moja: si kila ongezeko ni puto. Taliban walipiga marufuku afyuni Aprili 2022, na mwaka uliofuata kilimo Afghanistan kikashuka kwa asilimia 95. Myanmar ikawa ya kwanza duniani. Ila huko kilimo kilikuwa kimeanza kupanda tangu mapinduzi ya 2021.

Sisi tumo ndani ya puto hili. Njia za nchi kavu za kupeleka heroini Ulaya zilipobanwa, majahazi kutoka pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, yalizidi kuleta mzigo Afrika Mashariki, na sehemu yake hubaki huku. Kijana mwenye arosto, yaani mateso ya kukosa unga, hujikunyata juani, kamasi zinamtoka, mifupa inamuuma, na wakati huo atalipa bei yoyote atakayotajiwa. Malipo yake ndiyo hewa ya puto.

Methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, hupunguza hewa hiyo. Kwa kawaida mraibu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, na muuza unga anakosa mteja. Muhimbili ilianza huduma hii mwaka 2011, na Mwanza sasa ipo. Kwa hiyo nikisikia tani zimekamatwa, nafurahi, kisha nauliza: bei ya kete mtaani imepanda? Na waliokuwa wakiinunua, wangapi wamefika kliniki?