Kujitanguliza ni Sehemu ya Tiba: Maelezo kwa Wanaotaka Kupunguza Uzito

Kitengo chetu cha lishe kimekuwa kikipokea malalamiko mengi ya aina moja. Mtu amepewa mpango wa chakula, ameuelewa na kuukubali, kisha baada ya wiki chache anarudi uzito ukiwa palepale na kusema kwamba mpango haufai. Tunapopitia naye siku yake saa kwa saa, mara nyingi tunabaini kwamba mpango haukutekelezwa, wala sababu si uvivu: tangu alfajiri hadi usiku mhusika alikuwa akiwahudumia watoto, mzazi mgonjwa, mwajiri au ndugu, na hakubakiwa na saa yoyote aliyoweza kuiita yake.

Watu hao ndio tunaowaandikia. Anayekula amesimama huku akiwapakulia wengine, akamalizia kilichobaki kwenye sahani za watoto ili kisitupwe, hujiona hajala chochote, ilhali mwili umeshapokea kila tonge. Anayejinyima chakula cha mchana ili amalize kazi ya mwenzake hufika jioni akiwa na njaa isiyochagua, naye aliyekosa mapumziko mchana kutwa hujifidia kwa chakula usiku, wakati nyumba imetulia na hakuna anayemwita. Kumwongezea mtu huyu orodha ya vyakula vilivyokatazwa hakumsaidii, kwa sababu tatizo lake limeanza kabla hajafika mezani.

Usingizi unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndio wa kwanza kutolewa sadaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwahusisha vijana wa kiume wenye afya njema. Walipopewa nafasi ya kulala saa 4 tu kwa siku mbili mfululizo, leptini, yaani homoni inayoujulisha ubongo kwamba mwili umeshiba, ilikuwa chini kwa asilimia 18 ikilinganishwa na walipopewa saa 10, na ghrelini, inayochochea njaa, ilikuwa juu kwa asilimia 28. Utafiti mwingine wa mwaka 2022 uliwahusisha watu wazima wenye uzito uliozidi ambao kwa kawaida walilala chini ya saa 6 na nusu. Waliposaidiwa kuongeza usingizi kwa zaidi kidogo ya saa 1, ulaji wao ulikuwa chini kwa takriban kilokalori 270 kwa siku ukilinganishwa na wa wenzao walioendelea kulala kama kawaida, bila kuagizwa kubadili chakula. Kwa hiyo mtu mzima anapotenga angalau saa 7 za kulala, na kuwaeleza wa nyumbani kwamba muda huo hauguswi ila kwa dharura, anajitibu.

Hoja kwamba kufanya hivyo ni ubinafsi tunaisikia karibu kila siku, na tunakiri kwamba inatuchosha. Hatujamwagiza yeyote amtelekeze mtoto au mgonjwa. Tunachoagiza ni kwamba muda wa kula, kulala na kutembea upangwe kwanza kwenye ratiba, na maombi ya wengine yapangwe kuuzunguka. Asiyezoea kukataa aanze na majibu mafupi yasiyo na maelezo mengi, kwa mfano: "Leo jioni sitapatikana, nitakuja kesho asubuhi." Maelezo yakirefuka, muombaji hupata pa kujadiliana.

Malengo yenyewe si makubwa kama wengi wanavyodhani. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa awali hutosha kuleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo 4.5. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari aina ya pili kwa asilimia 58. Kasi ya nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki inafaa. Anayekimbilia kujinyima kabisa ajue kwamba kupungua kwa haraka mno huongeza hatari ya mawe kwenye nyongo.

Kuhusu utaratibu, tunaomba usomwe kwa makini. Asiyeweza kufika kwenye miadi atoe taarifa saa 48 kabla. Atakayekosa miadi miwili mfululizo bila taarifa, faili lake litafungwa, na atahitaji rufaa mpya ya daktari kabla ya kupangiwa tena. Kisingizio cha "nilimsindikiza mtu" hakitahesabiwa kuwa taarifa, isipokuwa ilikuwa dharura. Mwenye dawa za kupunguza uzito alizoandikiwa haruhusiwi kumgawia mtu yeyote, hata dada yake wa damu. Ikithibitika amegawa, atasimamishiwa dawa hizo hadi apitiwe upya na daktari. Tunafahamu kwamba wengi hugawa kwa huruma, lakini dozi hupangwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kumwona daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka kwa kiwango cha hatari, na mjamzito asianze mpango wowote wa kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki ya wajawazito.

Kwa miadi ya kwanza, njoo na kumbukumbu za siku 7 zinazoonyesha ulichokula, saa uliyokula, saa ulizolala, na jambo lako uliloahirisha kwa ajili ya mtu mwingine. Safu hii ya mwisho wengi huiacha wazi, nasi hulazimika kuijaza pamoja nao chumbani, jambo linalomaliza nusu ya muda wa miadi. Katika miadi ya pili, njoo na mtu mmoja mnayeishi naye ambaye yuko tayari kupokea baadhi ya majukumu yako ya jioni, ili makubaliano hayo yaandikwe kwenye faili mbele ya afisa lishe.