Sauti Ile Haikuwa ya Raj Kapoor
Wengi waliokulia na filamu za Kihindi, Unguja hata Mombasa, bado wanaamini mwigizaji Raj Kapoor aliimba mwenyewe. Sivyo. Wimbo mkuu wa filamu ya Awaara, ya 1951, uliimbwa na mwimbaji Mukesh. Nyimbo zilirekodiwa kwanza studio. Mbele ya kamera, mwigizaji alifuatisha kwa midomo. Usidhani hiyo ni kazi ndogo: kulinganisha pumzi, macho na hata mishipa ya shingo na sauti ya mtu mwingine ni kipaji, na Kapoor alikuwa nacho tele. Mukesh alipofariki Agosti 1976, akiwa ziarani Marekani, Kapoor alisema amepoteza sauti yake. Kapoor mwenyewe alifariki 1988. Mmoja wa walioigiza na kuimba kweli wenyewe ni Kishore Kumar.