Pikipiki ya zamani na miezi ya baridi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kijana mmoja wa nyumbani, jirani yangu hapa Leeds, Uingereza, aliniita nikaone Honda CG125 ya mwaka 1983 aliyoinunua. Jambo la kwanza nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na utando mweupe mzito, kama mtindi, na vitone vya maji kwenye nyuzi za kifuniko.

"Lakini kaka, mimi naitunza," akasema. "Kila Jumamosi naiwasha dakika tano."

Ndiyo maana nimeona niandike. Tuliokulia kwenye joto tukija huku tunaiogopa baridi yenyewe, na ushauri mwingi tunaopeana unatokana na hofu hiyo. Kinachoila pikipiki ya zamani kati ya Novemba na Machi ni maji.

"Iwashe kila wiki, isije ikakaa vibaya"

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita nzima ya maji, ila hatuyaoni kwa sababu hutoka kama mvuke. Injini ikishapata moto sawasawa, mvuke huo unatoka wote kwenye eksozi. Ikiwa bado ya baridi, mvuke unageuka maji humo humo ndani ya bomba, na mwingine unapenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Dakika tano hazitoshi kuipasha oili moto hadi maji yatoke. Kwa hiyo kila Jumamosi yule kijana alikuwa akiongeza maji mengine juu ya yale ya wiki iliyopita. Eksozi nyingi za zamani zinatobokea ndani kwa ndani, chini kwenye kona maji yanapotuama, huku nje kromu inang'aa.

Ama uiendeshe nusu saa au zaidi, ama usiiwashe kabisa hadi Aprili. Na kwa kuwa barabara za huku humwagwa chumvi kuyeyusha barafu, mimi nachagua kutoiwasha. Nafungua plagi, natia oili kidogo kwenye silinda, napiga kiki polepole mara tatu nne ili oili ienee, narudisha plagi. Basi.

"Oili nitabadilisha nikianza kuendesha tena"

Oili iliyotumika imebeba tindikali na maji. Ukiiacha humo miezi mitano, bearingi zinalala kwenye uchafu huo. Ibadilishe kabla ya kuihifadhi, injini ikiwa ya moto. CG inakula takriban lita moja tu, si gharama ya kuahirisha.

"Tanki likae tupu, mafuta yasiharibike"

Tanki la chuma likikaa tupu hushika kutu ndani. Lijaze hadi juu, hewa yenye unyevu ikose nafasi. Ila chagua mafuta. Tangu 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta maji na kuchakaza mpira wa zamani. Kwa pikipiki ya umri huu tafuta E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, tia dawa ya kuhifadhi mafuta, funga koki, kisha fungua skrubu iliyo chini ya kabureta umwage yote yaliyo kwenye bakuli. Tundu la jeti ndogo, kile kipande cha ndani ya kabureta kinachopima mafuta, ni jembamba kiasi kwamba sindano ya kushonea haipiti. Mafuta yakigandia hapo, Aprili utapiga kiki mpaka goti likome.

"Baridi huua betri"

Betri iliyojaa chaji haigandi kwa baridi yoyote ya Uingereza. Iliyoisha chaji ndiyo huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ganda lake likapasuka. Itoe, ichaji mara moja kwa mwezi, na kama yako ni ya volti 6 usiiunge kwenye chaja ya volti 12. Na wanaosema usiiweke juu ya sakafu ya saruji, haidhuru kitu.

"Spea za bodaboda zinaingia zote"

Hili nalipenda kwa sababu lina ukweli ndani yake. Injini ya CG, ile ya fimbo za valvu iliyotoka miaka ya 1970, ndiyo babu wa injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria Dar, Mombasa na Kampala. Ukiisikia ikinguruma hapa kwenye theluji, unakumbuka kijiwe cha mtaani kwenu.

Lakini ukoo si kipimo. Niliwahi kurudi kutoka likizo na kabureta ya bodaboda. Boliti zilikaa, injini ikawaka kiki ya kwanza, nikafurahi. Baada ya maili sita nikafungua plagi: nyeupe kama chaki. Jeti zilipimiwa injini nyingine, mafuta yalikuwa kidogo mno, na ningeendelea ningetoboa pistoni. Gasketi, sahani za klachi na nyaya, pima kwanza ndipo ununue. Vitu vya umeme vya volti 12 usivitie kabisa kwenye mfumo wa volti 6.

Plagi nyeupe ya namna hiyo utaipata pia ukitoa boksi la hewa na kufunga filta ya wazi, kisha ukaacha jeti zilezile. Wengi hufanya hivyo wakitaka mwonekano, na wanadhani makelele yaliyoongezeka ni nguvu. Na ule utepe wa kuzungushia eksozi hushika maji na kulioza bomba.

"Imepita miaka 40, haikaguliwi, kata unavyotaka"

Msamaha wa ukaguzi wa MOT ni kwa chombo kisichobadilishwa sana. Kabla hujashika msumeno, soma masharti ya DVLA, idara ya usajili wa magari.

"Ifunike nailoni"

Nailoni hufungia unyevu ndani. Shuka kuukuu la pamba ni bora.

"Kashata zipo, tairi zima"

Tairi la mbele la yule kijana lina kashata tele, yaani michoro ya kushikia barabara haijalika. Ubavuni limeandikwa 1409, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2009, na ukilikunja kidogo mpira unaonyesha nyufa kama udongo wa shamba lililokauka. Tumeagiza jingine, saizi 2.50-18. Oili tuliimwaga siku ileile. Ilitoka na rangi ya chai ya maziwa.