Kiwewe hukaa mwilini

Mlango unabamizwa na upepo. Waliomo chumbani wanageuka kutazama, kisha wanaendelea na mazungumzo. Mmoja wao tayari amesimama, moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa jasho. Anajua fika kwamba ni upepo tu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hushtuka kabla hajawaza.

Hatari inapomkuta mtu, sehemu ya ubongo inayolinda uhai huitangulia ile inayofikiri. Misuli hukaza, pumzi hubadilika, na mtu hupigana, hukimbia au huganda. Nasisitiza kuganda kwa sababu wengi walioganda hujilaumu miaka na miaka kwamba hawakupiga kelele. Hukuwa mwoga, wala hukuridhia, mwili ulijiamulia. Kwa baadhi ya watu tukio hupita lakini tahadhari hiyo haizimiki: hicho ndicho kiwewe, jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha.

Ndiyo maana sisi washauri nasaha hatupaswi kumwambia mteja siku ya kwanza, "Haya, tueleze yote." Tunaanza na mwili: ahisi nyayo zake sakafuni, ataje vitu anavyoviona, atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta, maana pumzi ndefu ya kutoka huyapunguza mapigo ya moyo. Akishatulia, kumbukumbu huguswa kidogo kidogo. Katika tiba ya EMDR (kuchakata upya kumbukumbu kwa mwendo wa macho), iliyoasisiwa na Francine Shapiro mwaka 1987, mteja huishika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu kushoto na kulia, bila kulazimika kusimulia kila kitu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe.

Yoga nayo imepimwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wanawake 64 wenye ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe (PTSD), ambao matibabu ya awali hayakuwa yamewasaidia vya kutosha waligawanywa makundi mawili kwa wiki 10. Zaidi ya nusu ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Katika kundi lililopewa elimu ya afya, ni takriban mmoja kati ya watano. Ni utafiti mdogo, lakini unatia moyo.

Hata hivyo, hakuna zoezi linalomfaa kila mtu. Aliyewahi kukabwa koo anaweza kuogopeshwa na hilohilo zoezi la pumzi. Mwingine akiambiwa afumbe macho, hofu inampanda. Hapo ni mtaalamu anayebadilika: macho yabaki wazi, mteja atembee chumbani, abonyeze viganja ukutani, au achague mwenyewe. Na asiguswe kamwe bila kuombwa ruhusa. Aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake anahitaji kurudishiwa uamuzi huo, hata katika jambo dogo kama mahali pa kukaa.

Ikiwa jinamizi, kushtukashtuka au kukwepa kila kinachokumbusha tukio vimezidi mwezi mmoja, tafuta mtaalamu wa afya ya akili. Kabla hamjaanza, muulize: "Nikisema tusimame, tutasimama?" Akisitasita kukujibu, tafuta mwingine.